Fundi Aliyeapa Asiguse Karata

Fundi hakuwa mvivu. Naanza na hilo kwa sababu wale wachache waliobaki Tororo wanaomkumbuka husema alikuwa mtu wa kupenda vya bure, na mimi nikisikia hivyo damu hunichemka. Nilikaa naye baraza moja miaka mingi, yeye na cherehani yake, mimi na karai langu la mandazi, mbele ya duka la nguo la Mhindi mmoja karibu na stesheni. Nilimwona akianza kazi kabla mwenye duka hajafungua milango. Nilimwona akishona na homa, shuka mabegani, meno yakigongana. Mvivu hawezi kucheza kamari kama alivyocheza yeye. Kamari yake ilikuwa kazi ya pili, tena ngumu kuliko ya kwanza.

Ukoo wake siujui vizuri, na sikuwahi kuuliza. Enzi zile za Mwingereza, sisi Waislamu wa mjini tulikuwa watu wa kuja. Huyu babu yake alifuata misafara, yule baba yake alifuata reli, mwingine aliachwa na jeshi. Hatukuwa na ukoo wa kutuzika wala shamba la kuzikiwa, kwa hiyo tulishikana sisi kwa sisi. Yeye alikuwa Fundi, basi. Hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu, na Baba Aisha wakiwa nyumbani.

Kazi yetu pale barazani ilikuwa na utaratibu wake. Mtu akiuza pamba, awe wa Paya au wa Kwapa, vijiji vya jirani, alikuja mjini na familia yake, akaingia dukani, akachagua kitambaa, akakatiwa. Akitoka nje alimkuta Fundi hapo hapo mlangoni. Wanawake hakuwashika. Alinipa mimi utepe, nami nikawapima kifua na kiuno huku yeye ameangalia barabarani, nikimtajia vipimo kwa sauti ya chini. Mara nyingine nilimtajia kiuno kikubwa kuliko kilivyo, ili nimwone akishangaa. Alikuwa akisema, "Mama Rehema, wewe utanifanya nishone hema." Wateja walicheka mpaka wakasahau kuuliza nguo itakuwa tayari lini.

Nguo ilikuwa tayari kesho. Kila nguo ya Fundi ilikuwa tayari kesho, inshallah, kabla chai haijapoa.

Mkewe alikuwa Msamia wa Dabani, mwanamke wa jembe, mkono mgumu, maneno machache. Alisilimu alipoolewa, akaja mjini, lakini hakuacha kwenda kwao kulima. Cherehani ile aliinunua yeye, kwa pamba ya shamba alilopewa na baba yake. Alilima, akachuma, akapeleka kwenye jini, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, na alichopata akakiweka chote kwenye mashine ya mumewe. Sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo. Nilijua kwa sababu kaka yake, siku aliyoileta kwa baiskeli, alinywa chai kwangu akanisimulia yote.

Sasa nieleze tulivyoanza kuona, maana watu hudhani mcheza kamari hujulikana kwa kuchakaa nguo. Fundi hakuchakaa. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka siku zake mbaya kabisa. Cha kwanza kujitokeza kilikuwa uongo, na ulikuwa uongo mdogo usio na maana. Aliniambia anakwenda kuswali, nami nikamwona akishuka upande wa uwanja wa malori, ambako hakuna msikiti. Alirudi akasema msikitini kulikuwa na watu wengi leo. Sikumuuliza kitu, na yeye akaongeza maelezo, nani aliadhini, nani alichelewa. Mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa, mwangalie vizuri.

Halafu furaha yake ikawa haina mpangilio. Siku moja alikuja na sukari kwa kila nyumba ya mtaa, na kitambaa cha kichwa kwa binti yake Aisha, akamwita mpita njia asiyemjua anywe chai kwangu. Siku iliyofuata hakuitikia salamu. Mwanzoni tulidhani siku alizonuna ndizo alizopoteza. Kumbe wakati mwingine ilikuwa kinyume. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba akipata alikuwa hana raha mpaka arudi kucheza, kama mtu aliyebanwa na haja. Alisema, "Kupata ilikuwa inanichelewesha tu." Sijasahau uso wake aliposema hivyo.

Mshono nao ukaanza kwenda kombo. Fundi aliyekuwa akitia ukosi bila kuangalia sasa alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akafumua, akashona tena vile vile. Sindano ilimpita kidoleni mara kwa mara. Na akaanza kuwaambia wateja walete vitambaa vya Idi mapema, miezi mapema, mvua hata haijakatika. Tulimsifu kwa hilo! Tulisema huyu sasa ana bidii, anajipanga.

Ukweli ulikuja siku ya soko. Mwanamke wa Paya alikuwa anapita na gomesi mpya, lile vazi refu la mshipi kiunoni, ya maua mekundu kwenye kitambaa cha manjano, na mwanamke wa Kwapa akamshika mshipi pale pale mbele ya karai langu.

"Hii maua yangu! Mimi nanunua hii kitambaa hapa, mimi mwenyewe."

"Wewe nawazimu? Fundi naninipa hii na mkono yake."

Wote wawili walisema kweli. Kitambaa cha yule wa Paya Fundi alikuwa amekitia kwenye karata uwanjani, kikaenda. Mwenyewe alipokuja kuchukua nguo yake, akashonewa cha yule wa Kwapa. Na yule wa Kwapa ilibidi angojee kitambaa cha mtu mwingine ambaye hajafika. Hivyo ndivyo Idi ilivyokuwa inaletwa mapema. Kila mtu alikuwa amevaa, au atavaa, nguo ya aliyemfuata. Fundi alilitatua kwa mzaha, akamwapia yule wa Kwapa kwamba cha kwake kipo ndani na ni kizuri zaidi, na watu wakacheka wakatawanyika. Mimi sikucheka. Nilimwangalia, naye akainamisha kichwa juu ya mashine akalizungusha gurudumu, na chini ya sindano hamkuwa na nguo.

Nisimfanye shetani. Fundi huyu huyu aliwashonea watoto wa mtaa nguo za Idi bila kudai chochote, kwa vipande vilivyobaki, na kila mtoto alidhani ya kwake ndiyo nzuri. Hakuwahi kumpiga mkewe, wala kunywa pombe. Ukimkuta njiani na mzigo alikupokea hata kama mnakwenda pande tofauti. Wazee wa msikiti walimwamini kiasi cha kumkabidhi sanda.

Hilo la sanda ni lazima nilieleze. Kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na ndugu karibu, tulikuwa tukichangia jora moja la bafta nyeupe likae tayari, pamoja na kafuri na marashi, kwa ajili ya yeyote atakayefariki ghafla na hana mtu. Lilikaa kwenye sanduku la mbao nyumbani kwa Fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikata. Likitumika, tulichanga tena. Hakuna aliyelifikiria mpaka lilipohitajika.

Basi asubuhi moja utingo wa lori alikutwa amefariki uwanjani, kwa homa. Kijana mgeni, katoka pwani au Nairobi, hakuna aliyejua. Walijua tu kuwa alikuwa akiswali, kwa hiyo alikuwa wetu. Maalim wa msikiti akaja na wazee mpaka kwa Fundi, wakaomba sanda. Mimi nilikuwa pale kwa sababu mkewe alikuwa amekwenda Dabani, nami nilikuja kuchemsha maji ya kuoshea. Fundi alifungua sanduku mbele yetu polepole, kana kwamba jora lingeweza kurudi kama akichelewa. Ndani mlikuwa na kafuri na chupa ya marashi.

Maalim aliangalia sanduku, akamwangalia Fundi, kisha akavua kilemba chake akaanza kukikunjua. Mimi nilikimbia nyumbani nikatandua shuka jeupe la kitanda changu. Yule kijana tulimzika hivyo, kwa kilemba cha Maalim na shuka langu. Fundi alichimba kaburi karibu peke yake, analia, udongo na machozi usoni, na alipotaka kunishukuru nilimgeuzia mgongo. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Ijumaa iliyofuata wakamwapisha. Aliweka mkono juu ya msahafu mbele ya jamaa nzima, akaapa kuwa hataishika karata, hataichanganya, hataigawa, wala hatakaa pamoja na wanaoigawa. Maalim akamwandikia kombe, maandishi kwa zafarani ndani ya sahani, yakaoshwa kwa maji, akayanywa yote. Wazee walimkumbatia. Mimi mwenyewe nililia huko nyuma tulikokaa wanawake, nikasema alhamdulillahi, tumempata mtu wetu.

Tulikosea pale, na tulikosea kwa nia njema. Tulidhani ubaya unakaa kwenye karata zenyewe, kama hirizi iliyofukiwa uani, ukiifukua ukaitupa nyumba imesafika. Mkewe aliporudi kutoka shamba akasikia habari, hakufurahi. Alikaa kwenye kigoda changu akapukuchua karanga, akasema bila kuinua macho.

"Nyinyi nakataza yeye karata. Karata ni karatasi tu. Hii kitu iko ndani ya mtu. Ukifunga mlango huu, nayo itatafuta dirisha."

"Mama Aisha, ameapa kwa msahafu."

"Mimi nasikia. Na yeye atashika kiapo. Utaona."

Alikishika kweli, na hapo ndipo palipotupumbaza. Fundi alikuwa anavuka barabara asikanyage karata iliyotupwa. Watoto wakicheza na vipande vya karatasi vyenye picha aliwafukuza. Alikataa hata kuushona mfuko wa dereva mmoja kwa sababu alijua dereva huyo anaweka humo karata zake. Mji mzima ulisema amepona, na wateja wakarudi.

Lakini alikuwa anaacha kushona kila lori likipita. Sikuelewa. Malori yalikuwa mengi, ya pamba, ya saruji, ya chumvi, mengine yakitoka mpakani Busia, mengine yakishuka kutoka Mbale. Fundi alikuwa na subana, kile kikofia cha chuma cha kidole. Akawa anakiweka juu ya meza ya mashine, mara upande wa kulia, mara upande wa kushoto, kisha anasubiri, midomo inacheza. Lori likitokea, matingo waliokaa ng'ambo ya barabara walipiga mapaja wakacheka, au wakamnyooshea kidole. Kisha siku moja nikaelewa. Subana kulia maana yake lori litatoka mpakani, kushoto litatoka Mbale. Alikuwa anacheza mchana kweupe, mbele yetu wote, mbele ya Maalim akipita kwenda adhuhuri, na hajagusa karata.

Nilikwenda kumwambia Maalim. Alikuwa mtu mwema, na alinisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Ameapa karata, dada yangu, na karata hajashika. Tusimdhulumu mtu kwa kuangalia magari."

Baada ya hapo Fundi hakuhitaji hata malori. Alishindania mvua itanyesha kabla ya alasiri au baada. Alishindania mtu wa kwanza kutoka stesheni atakuwa mwanamume au mwanamke, na jogoo gani wa jirani ataanza kuwika. Kuku wa mkewe wakaisha bandani. Kila nilipomwambia kitu alisema nisijali, anakaribia kurudisha vyote, halafu basi. Neno hilo "halafu basi" alilisema kwa upole kabisa, na nadhani aliliamini kila mara.

Siku waliyokuja kuchukua cherehani ilikuwa mchana, jua kali. Alikuja dereva mmoja na wanaume wawili, wakasimama barazani, na dereva akasema mashine ni yake, aliishinda kwa haki, Fundi mwenyewe aseme. Fundi akainamisha kichwa. Mkewe alikuwa amekaa nyuma akipepeta mchele. Aliinuka, akaenda akaweka viganja viwili juu ya mashine, akaegemea.

"Hii ni pamba ya shamba ya baba yangu. Wewe nalima pamoja na mimi? Wewe nachuma?"

"Mama, mimi sina neno na wewe. Bwana yako ndiye aliyeweka."

"Basi chukua bwana."

Mimi nilikuwa nimeshika karai la mafuta yanayochemka, nikalinyanyua kutoka motoni nikasimama nalo. Dereva aliliangalia karai, akaniangalia mimi, akasema watayamaliza siku nyingine, wakaondoka. Hawakurudi. Lakini asubuhi iliyofuata kaka wa mkewe alifika na baiskeli kutoka Dabani, wakaifunga cherehani kwa kamba nyuma ya kiti, na mama akamshika Aisha mkono. Mtoto alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Fundi alisimama mlangoni akamwambia mkewe atabadilika. Yeye akasema, "Haya," kama mtu anayemjibu muuza samaki, akaenda.

Mtadhani hapo aliacha. Mimi pia nilidhani. Alizidi. Alishona kwa mkono, akitarizi kofia na kanzu, na alichopata kilikwenda uwanjani kabla uzi haujakatwa. Alikonda. Niliacha kumpigia kelele, kwa kuwa nilichoka, na pia kwa sababu nilianza kumwogopea.

Kisha akaja. Nilikuwa nakanda unga, jua halijapanda, akaja akachuchumaa karibu na sufuria asiniangalie.

"Mama Rehema, juzi nililetewa habari Aisha anaumwa sana. Nikatoka hapa kwenda Dabani. Kwa miguu."

"Alhamdulillahi. Anaendeleaje?"

"Sikufika." Akasukuma ukuni motoni. "Nilipita pale malori yanaposimama, nikasema nipumzike kidogo. Mtoto wangu anaumwa, na mimi nilikaa pale mpaka jua likazama. Nikarudi huku. Sijui kama mzima."

Mtoto alikuwa mzima, tulipata habari siku hiyo hiyo. Lakini wakati ule hatukujua, na sisi wawili tulikaa pale na unga unakauka mikononi mwangu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumfunika shuka kama mgonjwa.

Akasema, "Mimi ni mgonjwa. Nimekosa, hilo unalijua, ila nakwambia ni mgonjwa na siwezi peke yangu. Msiniapishe tena. Kiapo nilikishika na bado nimefika hapa. Nataka watu wanishike."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwambia acha, na yeye akinijibu nisijali. Hajawahi kusema hawezi. Nilipolisikia neno hilo nilijua kuna kitu kimefunguka, japo sikujua cha kufanya. Nikamwambia anywe chai kwanza.

Tulichofanya hakikuwa na maajabu. Kitambaa cha mteja kikawa kinakuja kwangu, si kwake. Asubuhi nilimpa kipande kimoja, na mpaka kiishe hapati kingine. Ujira nilipokea mimi, nikatenga chakula chake, kilichobaki nikampa kaka wa mkewe akija mjini apeleke Dabani. Mwenye duka, baada ya kunung'unika sana, akamwazima mashine yake ya ndani, ashonee mle mle. Na tukamtafuta Sajini.

Sajini alikuwa Mteso kwa kabila, mtu wa Kwapa, askari wa zamani aliyerudi kutoka Burma, mnywaji wa chai yangu kila siku ya soko. Watu walijua kwamba huko jeshini alipoteza kwa karata kila alichokuwa amepanga kununulia ng'ombe. Hawakujua kingine, kwa sababu hawakumuuliza. Nilipomweleza habari ya Fundi aliweka kikombe chini.

"Huyo mtu nasema mwenyewe kwamba anaumwa?"

"Kasema mwenyewe."

"Basi iko njia. Mimi nawacha mwaka mingi, mama. Lakini kila asubuhi nawacha tena. Hiyo hakuna mtu naniambia, mimi najua peke yangu."

Alikuja kukaa naye siku za soko, alasiri, saa ambazo malori yalikuwa mengi. Hawakuzungumza sana. Kitu cha kwanza Sajini alichofanya ni kukigeuza kiti cha Fundi kikaangalia ukuta. Wateja walilalamika kwamba fundi anawapa mgongo. Fundi aliwajibu bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nisamehe, ndugu yangu. Nina ugonjwa wa kamari, barabara inanisumbua. Kitambaa mpe Mama Rehema." Wengine walicheka, wengine walikipeleka kitambaa kwa fundi mwingine. Mwanamke mmoja wa Kwapa alisimama akamsikiliza, akaondoka, akarudi na mumewe, akamketisha karibu na Sajini, akasema, "Huyu pia."

Alianguka mara kadhaa, sitaficha. Safari moja alikwenda kumnunulia mwenye duka uzi akarudi mikono mitupu. Lakini alikuja moja kwa moja kwangu akasema kabla sijauliza, na huo ulikuwa ugeni mkubwa kwa Fundi. Sajini alipoelezwa alisema tu, "Haya. Kesho tunaanza." Wakaanza.

Miaka ikapita. Nilihamia Busia kukaa na binti yangu Rehema alipoolewa huko, na kazi yangu ya kumshikia Fundi vitambaa na ujira ikachukuliwa na mke wa Maalim. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani, ingawa maneno ya Uhuru yalikuwa yamejaa kila mahali. Asubuhi moja Fundi akanitokea mlangoni na kanzu iliyopigwa pasi, ndevu zimeingia mvi.

"Nimeitwa Dabani. Aisha anaolewa. Twende, Mama Rehema, mimi peke yangu sitaweza kuingia pale."

Tulikwenda. Aisha alikuwa amelelewa na watu wa mama yake, na kwao walimwita Nekesa. Ndoa ilikuwa ya kikwao, ya ng'ombe. Msichana alikuwa mrefu, amefanana na baba yake hata namna ya kuinamisha kichwa. Alimpigia magoti akamsalimu kwa heshima, kama unavyomsalimu mzee yeyote, akarudi jikoni. Mkewe nilimwona kwa mbali akipakua. Fundi aliwekewa kiti cha baba wa binti, katikati ya wazee, na alikaa pale akiminya magoti.

Ng'ombe walipoletwa, mzee wa upande wa bwana harusi alishika kamba ya yule wa kwanza, akaja akamnyooshea Fundi. Ndiyo desturi. Baba hushika kamba, watu hupiga vigelegele, mambo yamekwisha. Fundi aliweka mikono nyuma.

"Nashukuru, mzee wangu. Kamba hiyo mpe mama yake."

Mzee akadhani hakusikia vizuri.

"Baba, ng'ombe nashikwa na baba. Mama hapana shika. Wewe nafanya mchezo?"

"Hapana. Mchezo nimefanya zamani," Fundi akasema. Aliipandisha sauti, kila mtu asikie. "Mimi nilicheza kamari nguo za watu. Nilicheza sanda ya maiti. Nilicheza mashine ya mwanamke huyu. Siku binti yangu alikuwa anaumwa, nilikaa njiani nikacheza. Siku hizi sichezi, lakini ugonjwa bado ninao. Nikiishika kamba hiyo leo, mwaka kesho sijijui. Mpeni mama yake."

Kijana mmoja alicheka, akakatizwa. Kaka wa mkewe aliangalia chini. Mkewe alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo, na alisimama hapo kwa muda ambao mimi niliona ni mrefu mno. Kisha alivuka uwanja katikati ya wanaume wote wale, akaipokea kamba, akaenda akamfunga ng'ombe mwenyewe kwenye nguzo. Wanawake wakapiga vigelegele, na nilipiga mimi kuliko wote.

Jioni, wageni walipopungua, alituletea maji ya kunawa na chakula, akaketi nasi kidogo. Niliona ndiyo nafasi, nikamwambia yote, kitambaa kimoja kimoja, kiti ukutani, Sajini, miaka. Fundi alikuwa ameinama. Alikuwa amengojea siku hii kwa kila kipande alichoshona, na sote watatu tulijua anaomba nini.

Mkewe akasema, "Mimi nasikia kwa watu. Leo naona na macho yangu. Nashukuru Mungu, Baba Aisha, umepona."

"Bado, lakini najitahidi."

"Umepona," akarudia. "Lakini mimi sijapona. Usiku nikisikia baiskeli napita, bado naamka, nafikiri ni watu nakuja kuchukua kitu. Mwaka hii yote. Mimi nishachoka kuamka."

Fundi hakujitetea. Akavuta kofia yake akasema atakwenda sasa, asiwacheleweshe.

"Usiende, giza naingia. Utalala kwa kaka yangu, pale. Na wakati ya pamba, ukitaka kuona watu, njoo. Nakukaribisha."

Alimshukuru. Tukatoka, mimi nikimsindikiza kwenye kijia cha kwenda kwa shemeji yake, kati ya mihogo. Nilikuwa na uchungu, lakini yeye alitembea wima.

"Umesikia, Mama Rehema? Amenikaribisha."

"Fundi," nikamwambia, na nilisema kwa hasira kwa sababu nilikuwa nalia, "mwenye nyumba hakaribishwi."

"Najua," akasema. Akaniaga, akatangulia mpaka kwenye nyumba ya shemeji yake. Mlango ulikuwa wazi na taa inawaka ndani, lakini alisimama nje, akapiga hodi, akangoja.